Chupa ya Ndimu na Chungu cha Mama

Kama umeandikiwa vile vidonge vya kupunguza asidi ya mkojo ili mawe yasirudi figoni, kaa kidogo usome haya kabla ya kula chakula cha jioni. Sikukatazi kuvimeza. Mimi mwenyewe navimeza hadi leo, na tangu nilipoanza sijatoa jiwe jingine. Lakini dawa hiyo ilikaribia kunizika, na haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa nyumbani mwangu, kati ya watu wawili wanaonipenda kuliko wote, ambao hawakuwa wakizungumza.

Mimi ni fundi wa kushona. Nina cherehani yangu karibu na soko la mtaa wa Kikula, hapa mjini Likasi, chini ya bati ambalo kuanzia Septemba linawaka. Choo cha pale sokoni sitakieleza, huenda unasoma ukiwa na sahani mbele yako. Basi kwa miaka mingi nilijizoeza kutokunywa maji tangu asubuhi mpaka nifunge kazi, na nilijisifu. Wenzangu wanainuka, wanakwenda, wanarudi, mimi nashona tu. Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai kali, na sikujua kwamba mwili ulikuwa unanipa habari.

Jiwe la kwanza lilinishika mwishoni mwa majira ya baridi, nikiwa napima kiuno cha mteja. Niliacha futi kiunoni mwake nikalala chini kwenye vipande vya kitambaa. Wanawake waliozaa wanasema maumivu ya jiwe yanafanana na uchungu wa kuzaa. Mimi nimezaa, na nasema hapana, maana kwenye uzazi kuna mtu unayemngoja. Hilo la kwanza lilitoka lenyewe. La pili lilikwama, figo la kushoto likavimba, ikabidi nipelekwe Lubumbashi likatolewe. Niliporudi nilikuwa nimepungua hata pete ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni, nikaifunga uzi.

Daktari aliyenipokea tena hapa Likasi ni mwanamke kijana, msemaji wa polepole, asiyecheka ovyo. Kila mara nilimngoja kwenye benchi refu la ukumbini, katikati ya watu wanaokohoa na watoto wanaolala mapajani mwa mama zao, na kila mara jina langu lilipoitwa niliona haya kusimama, kana kwamba nimeiba zamu ya mtu. Akanieleza kwamba mawe yangu ni yale yanayoota kwenye mkojo wenye asidi nyingi, na kwamba kuna vidonge vya kuipunguza. Nivimeze vizima, nisivisage wala kuvitafuna, pamoja na chakula, na maji mengi. Nipunguze chumvi. Ndimu kwenye maji ya kunywa si mbaya. Na baada ya majuma mawili nirudi kupima damu.

Hapo kwenye damu aliweka kalamu chini. Akasema ndani ya vidonge hivyo mna kitu kinaitwa potasiamu, na figo lililochoka kama langu la kushoto linachelewa kukitoa. Nikamuuliza nitajuaje kama kimezidi, kitaniuma wapi? Akasema hakiumi. Kinapanda kimya kimya kwenye damu, na mahali pa kwanza kinapobisha ni kwenye moyo.

Nilitoka pale nikiwa na pakiti ya vidonge mkobani, na neno lile la moyo likanifuata mpaka nyumbani.

Mume wangu Donat anafanya kazi kiwandani, kwenye ukumbi ule wa mabirika makubwa ambamo mawe ya shaba yanaliwa na asidi. Asidi anaijua. Imemla viatu, imemla mikono ya koti, na koo lake halijawahi kuwa safi tangu tuoane. Nilipomwambia ugonjwa wangu ni asidi, uso wake ulifunguka. Siku zote hospitalini alikuwa mtu wa kushika kofia mikononi na kusema ndiyo docta. Sasa ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye ukumbi wake.

Alileta nyumbani kijikunjo cha zile karatasi wanazochovya kwenye maji ya kiwanda kuona rangi. Nyekundu ni asidi kali, njano imepungua, kijani imetulia, bluu imepita upande wa pili. Daktari alizikubali. Alisema rangi ya mkojo wangu iwe kati ya njano na kijani, isifike bluu, kwa sababu mkojo ukipita kiasi upande huo kuna mawe ya aina nyingine yanayoota huko. Donat aliitikia. Lakini kiwandani kwake maji machafu hayaruhusiwi kutoka mpaka karatasi iwe bluu, na mtu aliyefundishwa miaka yote kwamba bluu ndiyo usalama hawezi kuogopa bluu kwa sababu ya maneno ya asubuhi moja. Kila nilipotoka chooni alikuwa mlangoni na karatasi yake. Nilimtania kwamba amenioa mara ya pili, safari hii ameoa mkojo.

Mama yangu alifika na mvua za kwanza, kutoka Kapolowe, akiwa na kuku, gunia la unga wa ugali, ambao sisi tunauita bukari, na mtungi wa maji ya majivu. Kama hukulelewa huku nitakueleza. Maganda ya maharagwe na vigunzi vya mahindi vinachomwa, majivu yanawekwa kwenye kopo lenye matundu, yanamwagiwa maji, na yale yanayodondoka chini polepole ndiyo yanayolainisha maharagwe na majani makavu ya mboga. Hakuna mtoto wa Kapolowe asiyejua ladha yake. Mama alikuwa amesikia kwamba nimekatazwa chumvi, na mama ni mtu wa kutii. Hakutia hata punje. Na kwa kuwa majani bila chumvi hayana ladha, aliongeza maji ya majivu kidogo, halafu kidogo tena. Kwake hayo si chumvi. Kwangu pia hayakuwa chumvi. Hata leo ukiniamsha ghafla na kuniuliza chumvi iko wapi, nitakuonyesha pakiti ya dukani.

Sasa ujue jambo moja kuhusu mama na Donat, maana bila hilo hutaelewa kitu. Hawakuwa na ugomvi wowote. Walikuwa mkwe na mama mkwe. Kwa watu wetu mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, wala hawasemeshani. Donat akiingia kwa mlango wa mbele, mama anatoka kwa mlango wa jikoni. Wakikutana njiani, mmoja anageukia ukuta. Si chuki, ni heshima, na wote wawili walikuwa hodari wa heshima. Ipo karamu ya kuondoa aibu hiyo: mama mkwe anampikia mkwe wake, vyungu vinafunuliwa mbele yake kimoja kimoja, anaambiwa hiki ni nini na hiki ni nini, na kuanzia siku hiyo wanaweza kusemeshana. Yetu ilikuwa imepangwa. Baba akafa, tukaahirisha, na jambo lililoahirishwa kwa msiba kila mtu anaona haya kulikumbusha. Merveille, mtoto wetu, amekua mpaka kuondoka kwenda kusoma Lubumbashi bila kumsikia baba yake akimwambia kambo wake, yaani bibi yake, neno moja.

Kwa hiyo katika nyumba yangu palikuwa na mpishi na palikuwa na mtu wa dawa, na kila mmoja alifanya kazi yake mwenzake akiwa hayupo.

Donat ndiye aliyenitengenezea maji ya ndimu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alijaza chupa kubwa, akaiweka kando ya cherehani yangu, na akaniagiza iishe. Nilikunywa. Siku za kwanza yalikuwa makali, ulimi ukajikunja. Baadaye nikaona ukali umekwisha, ladha imekuwa bapa, ya sabuni kidogo. Nikafikiri ni ndimu za msimu wa mvua, zimejaa maji. Sikuuliza. Mtu anayeamka kabla yako kukukamulia ndimu humuulizi habari za ladha.

Majuma mawili yalipotimia nilikwenda maabara. Nikakaa kwenye benchi mpaka mchana, halafu kijana wa pale akaja kusema dawa ya kupimia potasiamu imekwisha, nirudi juma lijalo. Juma lililofuata mvua kubwa ilikuwa imekata umeme. Nikarudi nyumbani. Sikuwa na maumivu, mkojo ulikuwa mweupe, mgongo ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu baridi, na nilijisikia mtu mwenye bahati.

Ilianza na miguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wangu umekanyaga miaka mingi bila kuniomba ruhusa. Siku moja nilikuwa nashona kitenge cha harusi cha mteja wa Kambove, mguu ukakataa. Haukuuma, ulikuwa mzito tu, kana kwamba si wangu. Niliusukuma kwa mkono. Siku zilizofuata midomo ikawa inawasha kama mtu aliyekula nanasi bichi, na ngazi mbili za mlango wetu zikawa jambo la kupumzikia katikati.

Kisha moyo. Sijui niuelezeje kwa mtu ambaye wake haujawahi kufanya hivyo. Unapiga, unapiga, halafu unanyamaza. Na wewe unanyamaza nao. Unashika sindano hewani, unausikiliza, unaungoja, na ule muda wa kungoja ni mrefu. Kisha unaruka mara moja kwa nguvu na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliogopa. Sikumwambia mtu, kwa sababu mama angelia na Donat angeleta karatasi yake.

Na Donat alikuwa na furaha. Asubuhi hizo karatasi ilikuwa inatoka bluu.

Nilianguka Jumapili kanisani, wakati wa kusimama kwa Injili. Watu wote waliinuka, miguu yangu ikabaki chini, nami nikaifuata. Nakumbuka viatu vya watu, na mtu akinifungua kitenge kifuani. Hospitalini walinibandika nyaya, mashine ikatoa ukanda wa karatasi, na daktari wangu, yule asiyecheka ovyo, akautazama na kuanza kutembea haraka. Sitasahau kutembea kule. Madaktari wakizungumza kwa sauti huwa siogopi.

Alinichoma sindano ya mshipani polepole sana, mkono wake mmoja ukiwa kwenye kifundo cha mkono wangu, macho kwenye mashine, na joto likanipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Kisha maji ya sukari na dawa nyingine ndani yake, kisha kinyago cha mvuke kilichonitetemesha mikono. Hakuna aliyeniambia kwamba ninakufa, lakini muuguzi alinifunika miguu mara tatu ingawa shuka halikuwa limeteleza. Jioni daktari akaja na majibu. Potasiamu ilikuwa imepanda mno, sasa inashuka. Vidonge vimesimamishwa. Nilale.

Kesho yake moyo ulikuwa umetulia, na nilikula majani yote ya mama.

Unajua hospitali zetu. Kitanda ni chao, chakula ni chako. Mama alikuwa mlinzi wangu, akiniuguza mchana kutwa na kunipikia kwenye banda la nyuma pamoja na wanawake wengine wenye wagonjwa. Donat alikuja mapema kabla ya kazi na tena jioni, na chupa yake ya ndimu chini ya koti, na kila alipotokea mlango wa mbele mama alichukua chungu chake na kutokea mlango wa nyuma. Niliona jambo hilo mara nyingi mpaka sikuliona tena.

Siku ya tatu potasiamu ilikuwa imepanda upya.

Daktari alipima mara ya pili akidhani ni kosa la mashine. Haikuwa kosa. Nikarudishiwa sindano, sukari, kinyago. Ikashuka. Baada ya siku mbili ikapanda tena. Sasa yeye mwenyewe alikuwa haelewi, na alinieleza waziwazi, jambo ambalo namshukuru kwalo, kwamba ikipanda mara nyingine hataweza kunishika hapa Likasi, itabidi nipelekwe Lubumbashi kwenye mashine ya kusafisha damu, na kwamba barabara ni ndefu kwa moyo wa namna hiyo. Mwanamke wa kitanda cha jirani alikuwa amepelekwa kwenye mashine hiyo siku nilipoingia. Asubuhi ile godoro lake lilitolewa nje, likageuzwa, likaanikwa juani. Hatukuulizana.

Daktari aliniuliza kama natumia dawa nyingine yoyote. Hapana. Mizizi? Hapana. Chumvi? Nikasema hata punje, muulize mama. Akamuuliza mama, mama akaapa. Akamuuliza Donat jioni, Donat akasema analeta maji ya ndimu tu, yale aliyoyaruhusu mwenyewe. Kila mmoja alisema kweli.

Mchana huo walikuja watu wa sala, majirani zangu wa Kikula, wa lile kanisa la ngoma. Waliniwekea mikono, wakaomba vizuri. Kisha mmoja akainama sikioni mwangu akaniuliza nani ananipikia. Nikasema mama yangu. Akatazamana na mwenzake, akasema tu kwamba ugonjwa unaoshuka na kupanda hauji wenyewe, una mkono. Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Alisikia. Mwanamke mzee mjane anayempikia mtoto, na mtoto anazidi kuzama: sisi sote tunajua mwisho wa maneno hayo ni wapi, na mama alijua kuliko sisi. Aliweka sufuria chini, hapo hapo mlangoni. Nilikuwa na hasira ya kumtoa mtu nje kwa kiatu, na sikuwa na mguu wa kukivaa.

Nilimwita daktari. Nikamwambia hapana, wasiulizwe tena mmoja mmoja. Waitwe wote wawili, hapa, mbele yangu. Akashangaa kwa nini hilo ni jambo gumu, maana yeye kwao ni mbali na hakuijua desturi yetu, nikamweleza habari ya mkwe. Akafikiri kidogo, akasema moyo wangu hauna muda wa heshima.

Jioni Donat alipoingia, muuguzi alisimama kwenye mlango wa nyuma. Mama akakosa pa kupita. Alijifunika kitenge kichwani akageukia ukuta, na Donat akabaki kizingitini ametupa mgongo, kofia mikononi. Mimi katikati. Daktari akasema:

"Vidonge tulisimamisha tangu siku ya kwanza. Sasa hii potasiamu inatoka wapi? Mwenye kuleta kitu mu hii chumba, aseme yote, hata kama iko kidogo."

Mama akaniambia mimi, maana ndivyo wanavyosemeshana, kwa kupitia mtu. "Ambia docta, minye naletaka paka bukari na majani, basi. Chumvi hapana."

"Majani unapika na nini, mama?"

"Na maji. Na maji ya majivu kidogo, juu ilainike."

Kalamu ya daktari ilisimama. Lakini aliyesema hakuwa yeye. Kizingitini Donat alikuwa amegeuka, amesahau kofia, amesahau ukuta, anamtazama mama yangu mgongoni.

"Mama," akasema. "Na weye pia unamutilia?"

Wanawake wa vitanda vingine, ambao wote ni watu wa huku, walimsikia mkwe akimsemesha mama mkwe wake bila karamu, na mmoja akashika mdomo. Niliona bega la mama likisogea chini ya kitenge. Kisha akageuka naye.

"Pia?" akasema. "Nani mwingine anamutilia?"

"Ni minye. Mu chupa. Ile ndimu iko asidi, nilichovya papieri ikakuwa nyekundu. Nikawaza, namna gani namunywesha asidi mutu mwenye kugonjwa asidi? Nikakamata maji ya mu mutungi yako, nikatia polepole, ikatoa mapovu, mpaka papieri ikakuwa kijani. Kila siku. Ni vile tunafanyaka ku kazi. Nilikuwa nawaza namusaidia."

Mama alikaa chini sakafuni, hapo hapo. "Njo maana ile mutungi ilikuwa inaisha mbio," akasema. "Nilikuwa naona. Natengeneza ingine, inaisha. Shikuuliza. Ningeuliza nani?"

Daktari alivuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. Alimwambia Donat, bila ukali, kwamba majivu ya mimea yamejaa potasiamu. Kisha akasema neno ambalo Donat hulirudia hadi leo akiwa peke yake:

"Papa, ukichanganya ndimu na maji ya majivu, unapata karibu dawa ileile yenye nilimuandikia. Yangu imepimwa. Yako ilipimwa na nani?"

Basi nilikuwa nameza vidonge, nakunywa vidonge, na nakula vidonge. Chupa ikamwagwa, mtungi ukaachwa nyumbani jikoni, mama akapika majani kwa maji matupu. Potasiamu ilishuka, na tukakaa tukiingoja ipande. Hakuna kungoja nilikokujua kama kule, si benchi, si Lubumbashi. Kila walipokuja kuchukua damu nilitazama godoro la jirani, lililokuwa limerudishwa na kulaliwa na mtu mwingine. Haikupanda. Haikupanda na siku iliyofuata. Wale wa sala waliporudi, Donat aliwangoja ukumbini, mtu wa ndiyo docta, akawaambia mkono waliokuwa wanautafuta ni huu, akawaonyesha wa kwake. Wakaondoka bila kuomba.

Nilitoka hospitalini mvua zikiwa katikati. Mwezi mzima nilitembea kwa kushika kuta, na kitenge cha harusi ya Kambove kilimaliziwa na mtu mwingine. Vidonge sikuanza tena mpaka damu ilipopimwa na daktari akasema sasa, tena kwa kipimo kidogo. Na sasa maabara ikisema dawa ya kupimia imekwisha, sirudi nyumbani. Nakwenda kwa daktari kumwambia sijapimwa, yeye aamue kama nimeze au nisimeze. Nikiandikiwa dawa ya kitu kingine, hata ya presha, namwambia kwanza ninameza nini. Miguu ikiwa mizito au moyo ukinyamaza kidogo, singoji Jumapili. Na wewe usiishie kuulizwa kama unatumia dawa au chumvi. Sema unachopikia. Sema kilicho kwenye mtungi.

Karamu tuliifanya mwanzoni mwa baridi, ndogo, bila ngoma. Mama alitandika mkeka, Donat akaketi mbele yake na shati la Jumapili, wote wawili wakitazama chini kama watoto waliovunja sahani. Mama akafunua chungu cha kwanza. Desturi ni kusema hiki ni kuku, hiki ni maharagwe, na kuendelea. Yeye alisema:

"Mukwe, hii ni kuku. Mafuta, kitunguu, maji. Majivu hapana."

Akafunua cha pili, akasema kilicho ndani yake, vyote, mpaka maji yalitoka bomba gani. Donat alisikiliza kila chungu mpaka mwisho. Kisha akainua chupa yangu kutoka nyuma yake, akaiweka juu ya mkeka. "Mama, hii ni ndimu na maji. Paka ile, basi." Nao wakaanza kula, na mama akalia akila.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Mama hakurudi Kapolowe. Kila jioni kabla sijagusa chakula, mmoja anafunua na kusema, mwingine anaitikia na kusema chake, na mimi nasikiliza. Wageni wanadhani ni sala. Moyo wangu daktari anasema uko sawa, lakini bado kuna siku unanyamaza kidogo, au nadhani umenyamaza, na nauweka mkono juu yake nikiwa naungoja.

Juzi waliudhiana kwa jambo dogo, habari za kuku aliyeingia chumbani. Mama aliweka chungu mezani bila neno. Donat aliweka chupa bila neno. Kila mmoja akageukia ukuta wake, kama zamani. Nilikitazama chungu kilichofunikwa, nikaitazama chupa, nikaweka kijiko chini.

Walisikia kijiko. Mama ndiye aliyegeuka kwanza.